Pensheni ya VA: utumishi gani jeshini unahesabika na upi hauhesabiki

Kwenye msiba mmoja hapa Minnesota tulikuwa tumekaa nje tunakunywa chai, kijana mmoja aliyemaliza mkataba wake wa miaka minne Army akasema pensheni ya VA, ile wizara ya Marekani inayohudumia maveterani yaani waliowahi kuwa wanajeshi, haimhusu, maana hajawahi kwenda vitani, miaka yote minne alikuwa stoo ya vipuri Texas anahesabu matairi. Pembeni yake alikuwepo mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, yeye aliingia jeshi la Marekani 1982 baada ya kupata makaratasi, akatumikia Ujerumani mpaka 1988, miaka sita kamili na cheti cha kuondoka kwa heshima, na alikuwa na uhakika pensheni yake ipo inamsubiri, ni yeye tu hajaenda kuiomba. Wote wawili walikuwa wamekosea. Kijana wa stoo kwa upande wa utumishi amefuzu tayari, na mzee wangu wa Ujerumani hajafuzu, na hata angetumikia miaka minane ndani ya kipindi kile asingefuzu.

Nimeona nikae niandike hii kitu vizuri kwa sababu watu wetu wengi wamepita jeshi la Marekani, kuna walioingia kwa green card ya bahati nasibu, kuna walioingia kupitia MAVNI ule mpango wa kuandikisha wageni jeshini ulioanza 2009 ambao Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizotafutwa, na maelezo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yamechanganya mambo kiasi kwamba mtu anaacha kuomba haki yake na mwingine anajenga matumaini pasipo na kitu.

Shida ya kwanza ni neno lenyewe. Nyumbani ukisema pensheni kila mtu anaelewa umefanya kazi miaka mingi, umestaafu, sasa unalipwa kwa zile jasho zako. Jeshi la Marekani nalo lina malipo ya namna hiyo lakini hayaitwi pensheni ya VA. Ukitumikia miaka 20 unastaafu na unalipwa na upande wa Wizara ya Ulinzi, hayo ni mafao ya kustaafu, yana hesabu yake na hayaangalii kama wewe ni tajiri au maskini. Afu kuna fidia ya ulemavu, hiyo ndo watu wengi wanaijua, umeumia goti, masikio yamepotea, akili imechoka kwa mambo uliyoyaona, VA inakupa asilimia, kumi, thelathini, sabini, mpaka mia, na hapo pia hawaulizi una hela kiasi gani wala hawaulizi kama ilikuwa wakati wa vita au amani. Pensheni ya VA ni kitu cha tatu, na ni msaada kwa veterani mwenye kipato kidogo ambaye ni mzee au hawezi tena kufanya kazi, na ambaye alitumikia wakati wa vita. Ulemavu wake si lazima utokane na jeshi, hata ukipata stroku ukiwa na miaka hamsini nyumbani kwako, miaka ishirini baada ya kutoka, unaweza kuomba. Ila huwezi kuchukua fidia na pensheni kwa pamoja, ukistahili zote VA inakulipa ile iliyo kubwa.

Sasa hilo neno vita ndo linalowapoteza watu. Sheria haisemi uwe umepigana, wala uwe umevuka bahari. Sheria imeweka vipindi kwenye kalenda, na inachotaka ni uwe na angalau siku moja ya utumishi ndani ya kipindi kimojawapo. Siku moja tu, halafu muda wako wote kwa jumla uwe umetimiza kiwango kinachotakiwa, nitakuja kwenye hicho kiwango.

Vipindi vyenyewe kwa watu ambao bado wako hai ni hivi. Vita Kuu ya Pili vinahesabiwa kuanzia Desemba 7, 1941 mpaka Desemba 31, 1946. Korea ni kuanzia Juni 27, 1950 mpaka Januari 31, 1955. Vietnam kuna hesabu mbili, kama ulitumikia ndani ya Vietnam yenyewe ni kuanzia Novemba 1, 1955 mpaka Mei 7, 1975, na kama ulikuwa kwingine kokote ni kuanzia Agosti 5, 1964 mpaka tarehe ileile ya mwisho. Halafu Vita vya Ghuba, kuanzia Agosti 2, 1990, siku Iraq ilipoingia Kuwait, mpaka tarehe itakayowekwa na sheria au tangazo la Rais. Na hiyo tarehe ya mwisho haijawekwa mpaka leo.

Soma tena hiyo ya mwisho taratibu. Kwa macho ya VA Marekani iko kwenye kipindi cha vita tangu Agosti 2, 1990 bila kukatika. Kwa hiyo kila mtu aliyevaa magwanda kwa utumishi wa muda wote kuanzia siku hiyo, awe Afghanistan, awe jikoni Fort Bragg, awe yule kijana wangu wa stoo ya Texas, anayo ile siku yake ya vita. Ukiangalia vizuri hata vile vipindi vya zamani utaona havifuati milio ya risasi, mapigano ya Korea yalisimama Julai 1953 lakini kipindi kikaenda mpaka mwanzo wa 1955, na Japan ilisalimu amri 1945 ila kipindi kikafungwa mwisho wa 1946.

Na ukiangalia tena utaona kuna shimo. Kuanzia Mei 8, 1975 mpaka Agosti 1, 1990, miaka kumi na tano na kidogo, kalenda ya VA inasema ilikuwa amani. Mzee wangu wa Ujerumani ameangukia humo ndani mzimamzima, aliingia baada ya shimo kuanza na akatoka kabla halijaisha. Kumbuka hicho kipindi kilikuwa na Lebanon, Oktoba 23, 1983 lori la mabomu liliingia kwenye kambi ya Marines pale Beirut na wanajeshi 241 wa Marekani wakafa siku moja, kulikuwa na Grenada mwaka huohuo siku mbili baadaye, kulikuwa na Panama Desemba 1989. Mtu aliyefukua wenzake kwenye kifusi cha Beirut, kama utumishi wake wote ulikuwa ndani ya miaka ile, hii pensheni hana, na mtu aliyeingia 1995 akakaa ofisini miaka mitatu anayo njia. Mimi sioni haki hapo na nasema wazi, ila ndo sheria ilivyo, na hao wa miaka ya themanini inabidi waambiwe mapema wasije wakapoteza muda. Waliobaki na majeraha bado wanaweza kuomba ile fidia ya ulemavu maana hiyo haijali kalenda.

Pembeni mwa shimo ndo unaona namna siku moja inavyoweza kubeba mtu. Chukulia wawili walioingia pamoja Machi 1987. Mmoja akatoka Julai 31, 1990, miaka mitatu na zaidi, hana siku ya vita hata moja, amekosa kwa siku mbili. Mwenzake akaongezewa muda akatoka Oktoba 1990, huyo anayo. Na upande wa kule mwanzo vilevile, mtu aliyeingia Januari 1975 akatoka 1978 alikuwemo kabla Vietnam haijafungwa Mei 7, kwa hiyo amefuzu hata kama hakuiona Vietnam hata kwenye ndege.

Haya, kiwango cha muda. Hapa kuna tarehe inayogawa watu, Septemba 7, 1980. Uliyeanza utumishi wako kabla ya Septemba 8, 1980 unatakiwa uwe na siku 90 za utumishi wa muda wote, na angalau siku moja kati ya hizo iwe kwenye kipindi cha vita. Uliyeandikishwa baada ya Septemba 7, 1980 kama askari wa kawaida unatakiwa uwe na miezi 24, au uwe umemaliza muda wote ulioitiwa kutumikia, na ileile siku moja ya vita. Kwa maofisa tarehe yao ni Oktoba 16, 1981, ofisa aliyeanza baada ya hapo na hakuwahi kuwa na miezi 24 huko nyuma naye anabanwa na sheria hii.

Yale maneno "muda wote ulioitiwa" yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ni kwa ajili ya watu wa jeshi la akiba na Gadi ya Taifa hasa, hiyo Gadi ni National Guard, jeshi la kila jimbo. Ukiwa askari wa akiba ukaitwa kwa oda ya miezi kumi kwenda Kuwait, ukamaliza ile miezi kumi yote, umetimiza, hawatakuambia mbona hujafika 24. Lakini wewe uliyesaini mkataba wa miaka minne wa muda wote afu ukatoka mwezi wa kumi na tano kwa sababu hukuelewana na jeshi, hapo hujatimiza, hata kama cheti kinasema umeondoka kwa heshima.

Kuna waliokatishwa muda ambao sheria inawasamehe hiyo miezi 24. Aliyeondolewa kwa sababu aliumia au aliugua kazini, aliyeruhusiwa kwa shida kubwa ya kifamilia kama mzazi mgonjwa asiye na mwingine wa kumtunza, aliyeachiwa mapema kidogo kwa utaratibu wa jeshi lenyewe, na yule ambaye tayari VA imekubali ana ulemavu wa kulipwa uliotokana na jeshi. Kwa hiyo binti aliyevunjika nyonga kwenye mafunzo ya awali akiwa na miezi mitatu tu jeshini akarudishwa nyumbani asijihesabu ametoka mikono mitupu kabla karatasi zake hazijasomwa na mtu anayejua, maana sababu ya kuondoka iliyoandikwa humo ndo itakayoamua.

Sasa ni utumishi gani hasa unaohesabika? Hapa ndo watu wetu wa akiba na wa MAVNI wanapoumia. Kinachotakiwa ni utumishi wa muda wote chini ya serikali kuu. Zile wikendi za kila mwezi za mazoezi hazihesabiki. Wiki mbili za kila mwaka hazihesabiki. Hata mafunzo ya awali, kama uliyafanya ukiwa askari wa akiba au wa Gadi, kwa kawaida yanahesabiwa ni utumishi wa mafunzo na hayakupi siku zako, isipokuwa uwe uliumia humohumo ukabaki na ulemavu. Gadi wakiitwa na gavana kwa mafuriko au fujo mjini, hiyo ni kazi ya jimbo. Unachotafuta kwenye oda yako ni kwamba uliitwa na serikali kuu, na oda nyingi zinaandika kabisa Title 10, ile sheria ya jeshi la serikali kuu, ukikuta Title 32, ile ya Gadi, ujue hapo pana maswali. Mtu anaweza kuwa na miaka nane ya akiba, sare ipo kabatini imepigwa pasi, lakini hajawahi kuitwa hata mara moja, na mbele ya sheria hii hana siku hata moja.

Na wale wa MAVNI waliosaini wakasubiri kuitwa mafunzoni, uchunguzi ukachukua miaka, mpango wenyewe ukafungwa 2016, wengine wakaja kuachiliwa bila kwenda popote, zile siku za kusubiri si utumishi wa muda wote. Najua inauma, kuna watu wazima walioacha kazi kwa ajili ya ule mkataba.

Tukija kwenye karatasi, inayobeba haya yote inaitwa DD-214. Ukitoka jeshini unapewa, na naomba tuitunze kama hati ya kiwanja. Sehemu ya 12 ina tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na jumla ya muda wa kipindi kile, sehemu ya 24 inaonyesha umeondoka kwa daraja gani, sehemu ya 28 ni sababu ya kuondoka. Kuna kopi fupi ambayo haina hizo za chini, usibaki na hiyo peke yake, tafuta ile ndefu ya Member-4. Ukiipoteza unaandika kwa fomu SF-180 kwenda kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri, au unaomba mtandaoni, ni bure. Kituo hicho kiliungua Julai 12, 1973 na mafaili kama milioni 16 mpaka 18 yakapotea, mengi ya watu wa Army waliotoka kati ya 1912 na 1960, kwa hiyo kama una mzee wa Korea kwenye familia ya mkeo na hana karatasi, msikate tamaa, VA inapokea ushahidi mwingine na kumbukumbu za mishahara.

Daraja la kuondoka, sheria inasema usiwe umefukuzwa bila heshima. Aliyeondoka kwa heshima, na aliyeondoka kwa lile daraja la chini yake ambalo bado liko ndani ya heshima, hao hawana shida. Waliotolewa mapema sana kabla hawajapewa daraja lolote nao hawazuiwi na hilo, wanazuiwa na miezi tu. Wa OTH, lile daraja baya linalotolewa bila mahakama, wengi wanadhani wamefungiwa moja kwa moja lakini sivyo, VA inafanya uchunguzi wake yenyewe kuona kisa kilikuwa nini, na tangu Juni 2024 kanuni zinawaruhusu kuangalia mazingira, kwa mfano matatizo ya akili au unyanyasaji wa kingono uliosababisha yale makosa. Unaweza pia kuliomba jeshi lenyewe libadilishe daraja, fomu DD-293 kama haijapita miaka 15, ikipita unatumia DD-149.

Ukishavuka utumishi bado kuna mlango wa pili. Uwe na miaka 65 au zaidi, au uwe na ulemavu wa kudumu unaokuzuia kabisa kufanya kazi, au uwe kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kwa ajili ya ulemavu, au uwe unapokea SSDI, malipo ya Social Security kwa asiyeweza kufanya kazi kwa ulemavu, au SSI, msaada wa serikali kwa mzee au mlemavu mwenye kipato kidogo. Ukitimiza mojawapo inatosha. Kijana wangu wa stoo ana miaka 34 na afya yake, kwa hiyo leo hapati kitu, ila akipatwa na jambo kesho mkewe ajue kwamba mlango upo.

Afu pesa. Kwa mwaka ulioanza Desemba 1, 2024 kiwango cha juu kwa veterani asiye na mtegemezi kilikuwa dola 16,965 kwa mwaka, na kinapanda kila Desemba pamoja na Social Security, yale mafao ya uzeeni ya serikali. Hiyo si hela unayopewa yote, ni dari, wanatoa kipato chako halafu wanakulipa tofauti. Ukiwa na Social Security ya dola 900 kwa mwezi, ni 10,800 kwa mwaka, tofauti ni 6,165, kama dola 513 kwa mwezi. Lakini gharama za matibabu unazolipa mwenyewe zinapunguza kipato, zile zinazozidi asilimia 5 ya dari, ambayo hapa ni dola 848. Ukilipa 3,000 kwa mwaka kwa bima na dawa, wanatoa 2,152 kwenye kipato chako, na pensheni inapanda mpaka kama dola 693 kwa mwezi. Kwa hiyo risiti za famasi zisitupwe. Na anayehitaji mtu wa kumwogesha na kumvalisha ana dari ya juu zaidi, 28,300 kwa mwaka huohuo.

Mali nayo ina kikomo, kilikuwa dola 159,240 kuanzia hiyo Desemba 2024, na wanajumlisha mali yako, ya mwenzi wako, na kipato cha mwaka. Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari la familia halihesabiwi. Ila hapa niwaambie ndugu zangu kitu ambacho hakisemwi kwenye vipeperushi vyao, kile kiwanja cha Kigamboni, zile nyumba tatu za kupangisha Kitengela, hizo si nyumba unayoishi, kwa hiyo ni mali na inahesabiwa, na kodi ya wapangaji ni kipato hata kama inapokelewa na shangazi kwa M-Pesa na kuliwa hukohuko. Na ukisema ngoja nimwandikishe mdogo wangu kabla sijaomba, tangu Oktoba 18, 2018 VA inaangalia nyuma miaka mitatu, ukiwa umegawa kitu ambacho kingekupitisha kikomo wanaweza kukuzuia pensheni mpaka miaka mitano. Andika ukweli, watu wengi wakipiga hesabu ya kweli wanakuta bado wako chini ya kikomo.

Uraia hauhitajiki. Na ukiamua kurudi kuishi Moshi au Kisumu pensheni ya VA inaweza kukufuata, tofauti na SSI ambayo inasimama ukikaa nje ya Marekani siku 30. Ila matibabu ya VA huko nje yanagusa tu maradhi yaliyotokana na jeshi, kwa hiyo mzee wa pensheni mwenye sukari ya kawaida atajilipia mwenyewe Kisumu, na hilo aliweke kwenye hesabu kabla ya kukata tiketi.

Kuomba ni fomu 21P-527EZ. Kama karatasi hazijakamilika tuma kwanza fomu 21-0966 ya kutangaza nia, inakushikia tarehe kwa mwaka mzima ili ukikubaliwa ulipwe kuanzia hapo. Usimlipe mtu akuandalie ombi la kwanza, sheria hairuhusu kutozwa ada kwa kazi hiyo, na kuna watu wanapita kwenye nyumba za wazee na makanisani wanaahidi pensheni huku wanawauzia bima na mifuko ya kuhamishia mali, mali ikishahama mzee anajikuta kwenye ile adhabu ya miaka mitano. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV, na maofisa wa maveterani wa kaunti wanasaidia bure.

Mzee wa Ujerumani nilimpeleka kwa ofisa wa kaunti wiki iliyofuata. Pensheni tuliiacha, tarehe zake hazina pa kushika. Lakini yule dada alipomuuliza kazi aliyokuwa anafanya, akasema alikuwa kwenye mizinga miaka sita, na tangu pale sikio la kushoto halisikii vizuri na la kulia linalia usiku. Hakuwahi kumwambia mtu, alijua ni uzee. Wakamfungulia ombi la fidia ya masikio siku hiyohiyo, sasa anasubiri kuitwa kupimwa.